Ngamia Kwenye Tangi la Chumvi

Kila siku baada ya shule, Raushan alimpelekea baba yake chakula kwenye kisima cha mafuta, huku akimvuta ngamia wao, Boz. Baba yake, Ersain, alikuwa msimamizi wa zamu. Kisima kilikuwa kimechoka, na kampuni ilikwisha sema kikiziba tu, zamu nzima inafukuzwa.

Siku hiyo baba na mafundi wake walikuwa kibandani wakinywa chai. Raushan aliwawekea mandazi, akatoka. Lahaula! Boz alikuwa ametumbukiza kichwa kwenye tangi la maji ya chumvi yanayosukumwa kisimani kwa pampu, anakunywa kwa raha zake.

"Toka, mlafi we!"

Maji yalikuwa yameshuka. Kwa hofu, Raushan aliingiza mpira wa maji baridi yasiyo na chumvi, akayaacha yakimiminika mpaka tangi likafurika.

Mjomba Tolegen, mwendesha pampu, alitoka akaona mchanga umelowa. "We binti, umegusa tangi?"

"Mimi? Hapana, mjomba."

"Mbona ndevu za Boz zinadondosha maji?"

"Ni... ni jasho."

"Ngamia anatoka jasho kidevuni! Makubwa haya!" Tolegen alicheka, akawasha pampu.

Mngurumo ule ulimpasua Raushan moyo. Asubuhi ile ile baba alikuwa amemwonyesha mabakuli mawili ya chai, moja la maji ya chumvi, jingine la maji baridi, akadondosha bonge la udongo katika kila moja. Kwenye chumvi lilitulia. Kwenye maji baridi lilimeguka, maji yakawa tope.

"Mafuta hupita kwenye vitundu vya mwamba," baba alisema. "Chumvi inaushika udongo wa humo. Ukimwaga maji baridi, chembe zinabanduka, zinasafiri na mafuta, zinaziba njia. Kisima kwisha."

Raushan alitetemeka mwili mzima. Akisema, atachapwa. Asiposema, je?

"Baba! Zima pampu! Boz alikunywa, mimi nikajaza maji baridi!"

Ersain alitoka mbio kibandani, akarukia swichi. Uso ulimbadilika rangi. Alisoma mita, akaisoma tena, kisha akashusha pumzi. "Maji bado yako kwenye mabomba ya juu. Hayajafika kwenye mwamba."

Waliyamwaga yote, wakachanganya maji mapya ya chumvi, wakayapima, ndipo wakayapampu. Jioni walikifungua kisima polepole, wasije wakazitimua zile chembe. Tolegen alikinga mafuta kwenye glasi, akayainua kwenye mwanga. Hayakuwa na tope.

Raushan alikuwa bado analia. Ersain alichuchumaa mbele yake.

"Ngamia kunywa maji, hilo ni la ngamia. Lako ni ule uongo. Mngurumo ulipoanza, kila pumzi uliyonyamaza ilikuwa inakiua kisima, na sisi sote tungerudi nyumbani mikono mitupu. Ukiogopa, mwanangu, sema huku unatetemeka. Kutetemeka hakuzibi kisima."