Skrubu za Saksafoni ya Fulgensi

Leodegar alikuwa fundi wa saa na baiskeli pale sokoni Ifakara, na vidole vyake vilisifiwa kuanzia Katindiuka mpaka Idete. Jumamosi moja ya mwaka 1956, baada ya masika, Hilari, mkubwa wa bendi ya dansi, alimletea saksafoni ya Fulgensi.

Fulgensi, mpiga saksafoni wa bendi hiyo, alikuwa amekufa maji kivukoni wiki mbili nyuma. Kwao, kitu cha marehemu hakiguswi mpaka matanga yaanuliwe na ukoo umchague wa kukirithi. Leodegar alilijua hilo tangu utotoni. Lakini kesho yake kulikuwa na harusi, bendi inamtegemea yeye, na mwenzetu alipenda sifa kuliko wali. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Mke wake amekubali?" aliuliza.

"Atakubali tu," Hilari alijibu, akaondoka haraka.

Saksafoni ilikuwa inavuja pumzi. Ina vifuniko vya ngozi vya kuziba matundu yake, na skrubu ndogo za kurekebisha kila kifuniko kishuke kiasi gani. Leodegar alitia karatasi ya sigara chini ya kifuniko cha kwanza, akabonyeza kitufe, akaivuta karatasi. Ikachomoka kirahisi. Akakaza skrubu robo mzunguko, akavuta tena. Ikang'ang'ania. Akatabasamu.

Kidole chake cha shahada, mkono wa kushoto, kilikuwa kimejikunja. Alijaribu kukinyoosha, kikakataa.

Alidhani ni ganzi. Akakaza skrubu ya pili. Kidole cha kati kikajikunja.

"Mama yangu," alinong'ona, akaweka bisibisi chini.

Skrubu ya tatu ikazunguka yenyewe. Polepole. Robo. Kidole cha pete kikafuata.

Aliinyakua bisibisi kwa mkono wa kulia, akailegeza ile skrubu mpaka ikaanguka mezani. Vidole havikufunguka. Skrubu ya nne ikazunguka. Ya tano. Ya sita. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vikajikunja navyo, bisibisi ikamponyoka. Aliogopa mpaka akalia, mtu mzima, mchana kweupe.

Ndipo Konsolata, mjane wa Fulgensi, akaingia na kaniki yake ya msiba.

"Shemeji, nani amekupa hiyo?"

"Hilari. Shemeji, niombee radhi kwa mumeo. Mikono hii ndiyo inayonilisha."

Konsolata aliitazama mikono, akarudi nyuma hatua mbili.

"Nikamwombee wapi, shemeji? Hata kaburi hana. Mwili hatujaupata."

Aliichukua saksafoni akaenda nayo. Leodegar hakushika tena bisibisi. Miaka kumi na tisa mkewe, Balbina, alimlisha ugali kwa mkono wake. Mara nyingine, jua likiwa utosini, vile vidole sita vilibonyeza hewa, kimoja kimoja, naye akivitazama tu.

Alipokufa, vilinyooka vyenyewe. Balbina alipomwosha aliona alama ya duara kwenye kila ncha, kubwa sawasawa na kitufe cha saksafoni. Chini ya kucha kulikuwa na mchanga wa mto, bado mbichi. Leodegar hakuwa amekanyaga mtoni tangu siku ile.