Boti ya Harusi Haigeuzwi

— Yuezhen, huyo mwanaume wako anakuja, au tuanze kula? aliuliza shangazi, na sauti yake ikavuka mpaka ng'ambo ya mfereji.

Nilikuwa nimekaa mlango wa nyuma, ule unaoshuka majini, na gauni langu jekundu la harusi. Baba alishafukua mtungi wa pombe ya mchele alioufukia nilipozaliwa, ili unywewe siku ya harusi yangu. Aliyekosekana ni Rongkai na boti ya kunichukua. Nikampigia.

— Uko wapi, mpenzi?

— Tumekwama, roho yangu. Maji yamejaa, boti haipiti chini ya daraja. Nivumilie kidogo.

Nikakata simu, nikatazama chini. Ngazi zetu za mawe zilikuwa kavu karibu zote. Sisi wa mferejini hapa Shaoxing hatuambiwi na mtu kwamba maji yamejaa, tunaangalia ngazi. Rongkai kahamia ghorofani juzi tu, kashasahau!

Ng'ambo, Bibi Qiu alikuwa anaosha mboga.

— Bibi, umeiona boti ya harusi?

— Ile yenye vitambaa vyekundu? Si imefungwa pale kwa Huijuan tangu asubuhi! Nikadhani wamemfuata msimamizi wako.

Huijuan. Shoga yangu wa kufa na kuzikana, aliyeniandikia asubuhi ile ile: "Shoga, tumbo linaniua, nitachelewa."

Nikamjibu: "Pole. Mwambie Rongkai afunge vifungo vizuri, wageni wanamsubiri."

Muda si muda boti ikaja mbio, Rongkai kasimama mbele, jasho linamtiririka.

— Yuezhen, nilikwenda kumuaga tu! Tulishaachana!

— Mlishaachana? Kumbe mlikuwa pamoja?

Majirani walijaa madirishani. Machozi yalinitoka, wala sikuyafuta. Nilimpenda mno mtu yule.

— Mjomba Ahai, nikamwambia mpiga kasia, geuza boti.

— Mwanangu, boti ya harusi hairudi ilikotoka. Ni nuksi hiyo!

— Najua, mjomba. Mrudishe kwa Huijuan, kwa njia ile ile.

Mjomba Ahai akamtazama Rongkai, akatema mate majini, akageuza.

Nyuma yangu nikasikia udongo uliozibia mtungi ukipasuka. Baba alikuwa ameufungua. Akanimiminia bakuli la kwanza.

— Kunywa, mwanangu. Hii niliifukia kwa ajili yako, siyo kwa ajili yake.