Jina la Shibukombe

Kila asubuhi kabla ya shule, Germaine aliwaandikia majirani barua zao, nao wakamwita "karani wetu". Sifa zile zilimvimbisha kichwa msichana huyu wa miaka kumi na miwili. Alichukia kuonekana hajui.

Baba yake alipofariki, mwaka 1953, baba mdogo Edouard alitoka Kongolo akamchukua Alexis, mdogo wake Germaine, mwenye miaka miwili. Kwa desturi ya Waluba, alisema, mtoto ni wa ukoo wa baba. Mama yao Nkandu, ambaye ni Mbemba, alishtaki kwenye tribinali ya mji wao, Élisabethville: siku ya posa walikubaliana watoto wabaki kwa mama. Shahidi pekee, mshenga wao, alikuwa amehamia Ndola, ng'ambo ya mpaka. Basi tribinali iliamua kumwandikia hakimu wa Ndola amhoji kwa niaba yake. Hadi jibu lifike, Alexis angekaa Kongolo.

Mama alikuwa na homa, akamtuma Germaine kupeleka jina la shahidi kwa karani wa tribinali.

"Ubaambie ni Shibukombe wetu," alisema, kwa kuwa nyumbani hawakumwita vinginevyo.

Karani Faustin hakujua Kibemba. "Shibukombe, hii ni jina ya muntu ao ya kazi?"

Germaine, mtoto wa mjini, hakujua pia.

"Ni jina yake, monsieur."

"Uko na hakika?"

"Ndiyo."

Barua ikapita kwa treni Sakania, stesheni ya mpakani. Baada ya miezi saba jibu likaja: shibukombe maana yake ni mshenga, na Ndola wako wengi, mnamtaka yupi?

Germaine alilia, akakiri yote. Mama akataja jina: Mwape Kunda. Barua nyingine ikaandikwa, miezi sita mingine ikapita. Mwape alihojiwa, akasema kweli, na mama akashinda kesi.

Stesheni, Alexis alimng'ang'ania Edouard shingoni akipiga mayowe. Mama alimwita kwa Kibemba, kisha kwa Kiswahili. Mtoto alijua Kiluba tu, na mwanamke aliyemlea, ambaye sasa yeye alimwita mama, alikuwa amebaki Kongolo.

Nyumbani alikataa chakula, akajikunja pembeni.

"Mama, unisamehe," alisema Germaine.

"Nimekusamehe, mutoto wangu. Lakini kitu haukijui, sema haukijui. Faustin angekuja kuniuliza hapa kwenye kitanda, na Alexis angerudi akiwa bado ananijua."

Mama alifunika sahani ya mtoto, akakaa karibu naye, lakini si karibu sana, asije akamwogopa.