Nyanya Nilizomwambia Azifute kwa Khanga

Nina miaka arobaini na tatu, ni mkulima wa bustani hapa Mkunya, Newala. Wasomaji wenzangu, ninayowaandikia leo sijamwambia hata mume wangu. Nikiendelea kunyamaza nitapasuka!

Mdogo wangu Asumini ni mama lishe Masasi. Alipoachwa na mumewe, alinikabidhi binti yake Salma, wa miaka mitano, nimlee mpaka mambo yake yakae sawa. Mimi sikujaliwa mtoto... Salma akawa wangu. Alikuwa na maneno huyo! Kila mgeni lazima aulizwe kalala wapi na kala nini.

Huku juu shida yetu ni maji. Tunakinga ya mvua kwenye kisima cha nyumbani, kiangazi kikikolea tunanunua ndoo kwa ndoo. Basi mimi nikajiona mjanja. Nilichukua kinyesi kibichi cha mbuzi, cha asubuhi ile ile, nikakikoroga kwenye pipa la maji, nikawa naimwagilia minyanya kwa juu, majani na matunda yote. Maji yale yale, kazi mbili!

Bwana shamba alipita akaniona. Akanieleza kwamba samadi hulundikwa, ikafunikwa na kugeuzwa kwa miezi mpaka ioze na harufu iishe, ndipo ichanganywe na udongo kabla ya kupanda. Akasema mbichi isimwagwe kamwe juu ya kitu kinacholiwa bila kupikwa. Nilimwitikia vizuri, alipoondoka na pikipiki yake nikamcheka. Mama yangu alilundika nini? Nyanya zangu zilikuwa zinagombewa sokoni... kiburi, jamani!

Siku moja Salma alichuma nyanya mbili. Akaja nazo jikoni, akaomba maji kidogo azioshe, kama mwalimu wa chekechea alivyowafundisha. Ndoo ilikuwa na maji ya kupikia tu.

"Maji ya kuchezea tutayatoa wapi? Futa na khanga yangu hapa, ule."

Akafuta. Huku wengi tunafuta, mimi mwenyewe nimekua nikifuta. Akala, mtoto mtiifu.

Siku ya tatu tumbo likaanza kumsokota. Nikadhani minyoo, nikampikia uji. Kesho yake akahara damu! Tulimkimbiza hospitali kwa bodaboda, nimempakata. Siku zilivyokwenda uso ukavimba, mkojo ukakata. Daktari akasema figo zimeshindwa kazi, apelekwe hospitali kubwa. Akaniuliza mtoto alikula nini.

Nilijua. Wallahi nilijua! Nikamjibu, ugali na kisamvu.

Salma aliniomba maji. Wauguzi wakaniambia nimlowanishe midomo tu. Nikalowanisha kitambaa, nikawa nampitishia mdomoni, ananiangalia... Ningefanya nini mimi? Gari la wagonjwa lilikuwa bado linasubiriwa alipokata roho mapajani mwangu.

Asumini alifika kutoka Masasi. Hakunilaumu hata kidogo. Alinishukuru mbele ya watu wote kwa kumuuguza mwanawe, akasema ni mipango ya Mungu. Wanawake wakanipa pole, wakaniletea uji, wakanifunika khanga. Mimi! Nikaupokea uji wao, nikaunywa.

Nawasihi wenzangu, iacheni samadi ioze. Msiimwage mbichi kwenye nyanya wala mboga ya kachumbari, hata ukame uwe mkali vipi. Mtoto akiomba kikombe cha maji aoshee tunda, mpeni. Na daktari akikuuliza, sema ukweli, aibu haiui mtu. Mimi niliijali aibu, hadi leo sijui kama ukweli ungemwokoa.

Juzi Asumini amepiga simu. Ameolewa tena, amejifungua mtoto wa kike. Anasema akimwachisha kunyonya atamleta kwangu, arudi kwenye biashara yake, kwa sababu duniani hakuna anayemwamini kama mimi.

Nilifungua mdomo nimwambie... Nikasema, "Mlete tu, mdogo wangu."