Msichana Asiyejibu Maswali

Kila asubuhi, ubao ukishafutwa, mwalimu wa darasa la tano alianza na hesabu za kichwa. Mikono yote ilinyooshwa isipokuwa mmoja, wa msichana wa dawati la mbele. Yeye na mama yake walikuwa wamehamia mjini kutoka kwa watu wa msituni.

"Nusu na robo, ipi kubwa?" mwalimu alimwuliza.

Msichana aliinamisha kichwa.

"Usijisumbue, Mwalimu," alidakia mvulana waliyembandika jina la Redio kwa sababu hazimiki. "Watu wa msituni vichwa vyao vizito."

Darasa likaangua kicheko. Msichana machozi yakamlengalenga. Jibu alikuwa nalo, ila kulitoa hakuweza, na wa kumweleza hakumwona.

Mchana mama yake aliitwa. Alikuwa akifua nguo za watu, akaja mikono bado ina povu.

"Mama, nimejaribu, nimeshindwa," mwalimu alisema. "Itabidi arudi darasa la kwanza."

Mama akamgeukia msichana. "Huyu? Nyumbani hafungi mdomo. Mwanangu, mbona humjibu mwalimu wako?"

"Lakini mama, Mwalimu majibu yote anayajua. Nimwambie ili iweje?"

Mama akashusha pumzi. "Tusamehe, Mwalimu. Kwetu, mtoto akimwambia mkubwa jambo ambalo mkubwa analijua, amemvunjia heshima."

 Muda wote huo mwalimu alidhani ni ujinga, kumbe alikuwa akiheshimiwa. Aliona aibu kwelikweli.

Kesho yake alisimama mbele ya dawati lile, akalieleza darasa kwamba msichana alinyamaza kwa heshima, akamwomba radhi. "Mwanangu, jibu ninalijua. Nisilolijua ni kama wewe unalijua. Hilo nani ataniambia, kama si wewe?"

Msichana akainua uso. "Nusu," alisema. Kisha akajibu maswali ya jana, na ya juzi, na ya wiki iliyopita, hadi mwalimu akamwomba apumzike kidogo.

Redio akakuna kichwa. "Basi na mimi kuanzia leo sijibu, Mwalimu. Nakuheshimu."

Wote walicheka, safari hii na msichana pia.

"Wewe utajibu," mwalimu alisema, "na mwenzako utamwomba radhi. Mimi nimeshamwomba, maana jana uliposema vichwa vyao vizito sikukukanya. Nilidhani hivyo hivyo. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwuliza kwa nini ananyamaza. Tulimcheka kwa adabu aliyofunzwa na mama yake."