Kuku wa Mama Mkwe

Asubuhi nyumbani kwa Mwishehe, kule Chamazi, ilikuwa na utaratibu wake. Mwishehe alikunywa chai na kwenda Keko, kwenye karakana ya vitanda. Mkewe, Somoe, alifagia uani na kuwatupia kuku makoko ya ugali. Kisha alimshika mkono mama mkwe wake, Bi Zubeda, na kumkalisha mkekani barazani.

Macho ya Bi Zubeda yalikuwa yamefifia. Aliona mwanga na vivuli tu. Mwenzake wa kutwa nzima alikuwa tetea mmoja mwenye shungi kichwani, na jina lake lilikuwa hilohilo, Kishungi. Bibi akikohoa tu, kuku huyo huja mbio na kujilaza ubavuni pake. Bi Zubeda alimsimulia habari zote za mtaa, na Kishungi hakuwahi kumkatiza. Somoe aliwapenda wote wawili. Alipenda pia kwamba mazungumzo yao yalimwacha apike kwa raha.

Siku moja Kishungi hakuja barazani. Alishinda kwenye tenga lake la kutagia, na yai halikuonekana. Somoe akadhani anataka kuatamia. Akafanya kama walivyofanya wengi pale mtaani: akamtumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi, eti joto la kuatamia limtoke. Kuku akatoka anatetemeka.

Kesho yake hali ilikuwa mbaya zaidi. Kishungi alisimama wima, mkia umeshuka, anajikamua na hatoi kitu. Chakula hakutaka hata kukiangalia. Somoe aliogopa sana. Kabatini kulikuwa na vidonge vya rangi mbili vilivyobaki Mwishehe alipoumwa jino. Akafungua kimoja, akakoroga unga wake kwenye maji, akamnywesha kuku. Hakumwambia mtu.

Jioni Mwishehe aliporudi, mama yake alimwita. Alikuwa amempakata kuku mapajani.

"Mwishehe, huyu anakwenda," alisema. "Mwahi na kisu kabla hajawa mzoga. Bora aliwe halali kuliko kutupwa."

Sauti yake ilikuwa kavu, lakini mkono wake haukuacha kumpapasa kuku shingoni. Mwishehe hakubisha. Alichukua kisu akaanza kukinoa kwenye ngazi. Somoe alibandika maji ya kunyonyolea, na moyo wake ulimuuma.

Wakati huo Bernadeta aliingia, bado amevaa mabuti ya kazini. Alikuwa mpangaji wa nyumba ya pili, mtu wa Masasi, na ndiye afisa mifugo wa kata. Alikuja kurudisha chekeche. Akamwamkia Bi Zubeda shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akakiona kisu. Aliuliza kuku ana nini. Akauliza pia kama matetea wengine wanaumwa, na kama kuna anayeharisha kijani au kupinda shingo. Akaambiwa hapana, wote wazima.

"Basi huu si mdondo," alisema. "Mdondo ungewapitia wote. Hebu nimshike."

Aligusa tumbo la kuku taratibu, chini ya mkia. Akatikisa kichwa.

"Huyu ana yai limekwama. Nahisi uvimbe wa mviringo hapa. Mmempa dawa yoyote?"

Mwishehe akasema hapana. Somoe alisimama na mfuniko wa sufuria mkononi. Akisema, mama mkwe atajua nani aliyemzidishia kuku wake maumivu. Asiposema, kisu kiko tayari.

"Nimempa mie," alisema. "Kidonge cha rangi mbili. Na jana nilimtia kwenye maji baridi. Nisamehe, mama."

Bi Zubeda alimgeukia.

"Maji niliyajua. Jana jioni alijikokota kwangu, nikampapasa nikakuta kalowa, na mvua hakuna. Nilikuwa nakusubiri useme. Ulitaka apone, mwanangu. Mbona ukajibebesha peke yako?"

Somoe alilia. Bernadeta akamwacha alie kidogo, kisha akaendelea na kazi.

"Umefanya vizuri kusema. Kisu kirudi jikoni. Kuku aliyepewa dawa haliwi, na mayai yake hayaliwi, mpaka dawa imtoke mwilini. Na dawa ya binadamu usimpe kuku kwa kubahatisha. Tena kidonge kile hakiwezi kutoa yai. Sasa yale maji yako ya moto yachanganye na ya baridi, yawe vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto."

Walimkalisha Kishungi ndani ya beseni, maji yakafika tumboni. Bernadeta aliwaonya wasimminye tumbo, maana yai likipasukia ndani linaweza kumuua. Maji yalipoanza kupoa, Somoe aliongeza ya moto kidogokidogo. Baadaye wakamkausha kwa kanga kuukuu, wakampaka mafuta ya nazi mlangoni pa yai, wakamweka kwenye boksi lenye maranda, mahali pa giza na joto, na maji ya kunywa karibu. Wote wakanawa mikono kwa sabuni. Bernadeta alisema yai lisipotoka mpaka asubuhi, watampeleka kwa daktari wa mifugo.

Bi Zubeda aliomba boksi liwekwe karibu naye. Baada ya kuswali magharibi alikaa akitega sikio. Mara akaita.

"Somoe, njoo. Amejikung'uta."

Somoe aliingiza mkono. Yai lilikuwa hapo, lina joto, limekunjamana, ganda lake laini kama ngozi. Kishungi alikuwa anakunywa maji.

Bernadeta alilishika yai lile na kueleza. Ganda hutengenezwa kwa chokaa. Kuku anayekula makoko na pumba tu hukosa chokaa, na yai lenye ganda laini hukwama kwa urahisi. Wanunue chokaa ya kuku kwenye duka la chakula cha mifugo. Waongeze vumbi la dagaa na mchicha. Maganda ya mayai nayo wayakaange na kuyasaga kabisa, yasifanane na yai, kuku wasije wakajifunza kudonoa mayai yao. Hakuwaficha kwamba kuku aliyekwama mara moja anaweza kukwama tena.

Somoe alifuata yote. Mayai ya Kishungi ya siku zile aliyafukia. Mwishehe alileta magunia ya maranda kutoka Keko na kutengeneza viota vipya. Siku hizi jirani akisema kuku wake amegoma kutoka kiotani, Somoe humkataza ndoo na vidonge, na kumpeleka kwa Bernadeta.

Bernadeta alipowaruhusu kula mayai tena, Somoe alichemsha la kwanza na kumpelekea mama mkwe. Bi Zubeda alilimenya polepole kwa vidole, akalipuliza, akamrudishia.

"Kula wewe," alisema. "Mgonjwa alikuwa kuku, aliyekonda ni wewe."

Somoe akakaa naye mkekani, akalila lote.