Gari la Kijani kwa Ndani

Gari la baba yake Zawena lilikuwa jeupe nje. Ndani, plastiki zote za milangoni zilikuwa kijani kibichi.

Nani alizipaka? Baba alilinunua hivyo hivyo. Aliyemuuzia naye alilinunua hivyo hivyo. Mpaka leo hajulikani!

Jumatatu, Shangazi Mkejina akachungulia ndani. Jumamosi ya wiki ile alikuwa anaolewa.

"Kaka, hili gari au kabichi?" Akasonya. Mfyuuu! "Bibi harusi hapandi kabichi!"

Zawena akaumia. Alitaka sana Shangazi aende harusini kwa gari lao.

"Baba, tupake rangi nyeusi. Sisi wenyewe."

"Haya, mama. Tupake."

Wakapaka. Pwa, pwa, pwa.

Lo! Rangi haikushika. Ikajikusanya vitone vitone. Ikateleza. Chururu, chururu.

Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. "Jamani! Sasa kabichi lina surua!" Mfyuuu! "Bibi harusi hapandi kabichi!"

Zawena akasogea garini. Akainama mlangoni. Akanusa, akanusa tena.

"Baba, mbona kunanukia nazi?"

Baba akajikuna kichwa. Kila Ijumaa alizisugua plastiki zile kwa mafuta ya nazi, ili zing'ae.

"Basi rangi inateleza kwenye mafuta, Baba."

"Kweli, mama. Kosa ni langu."

Wakaifuta rangi yote. Wakaosha kwa sabuni. Wakasugua kwa msasa. Kwaru, kwaru, kwaru.

Wakafuta vumbi. Wakaacha pakauke. Kisha wakapaka tena, kidogo kidogo. Pwa... pwa... pwa.

Rangi ikashika!

"Itatoka tu," akasema Shangazi. "Itanichafulia gauni." Mfyuuu!

Wakafungua madirisha yote. Wakangoja siku moja. Wakangoja siku mbili.

Ijumaa, Shangazi akaja na kitambaa cheupe. Akasugua mlango. Kitambaa kikabaki cheupe pe!

Akasugua kwa nguvu zake zote. Cheupe pe!

"Mh," akasema Shangazi. Safari hii hakusonya. "Naona kabichi limeiva."

Usiku ule, mezani, ikaamuliwa. Bibi harusi atapanda gari la kaka yake. Baba ataendesha. Mlango ataufungua Zawena, na mtu mwingine asiuguse.

Zawena akalala akicheka.

Jumamosi, akaufungua mlango. Ka!

Shangazi akaingia na gauni lake jeupe, taratibu, taratibu.

"Angalia usinibane gauni, fundi," akasema.

Zawena akalikunja gauni lote ndani. Kisha akafunga mlango. Pu!